Sauti Ishirini na Nne, Mafaili Ishirini na Tatu

Kabla sijaingia kwenye kazi ya kutengeneza programu za simu nilikuwa na meza sokoni Darajani, nikiuza makava ya simu, chaja na waya. Meza ile ilinifundisha mambo mawili. La kwanza, katika kupatana, anayeweza kunyamaza zaidi ndiye anayeondoka na alichokitaka. La pili, kila kitu kihesabiwe mara mbili, asubuhi unapokitandaza na jioni unapokikunja, maana baina ya saa hizo hupita mikono mingi. Nyumbani wananicheka. Wanasema Ramadhani nikiwa safu ya mbele imamu hana haja ya kukumbuka rakaa.

Kwa hiyo naomba niaminiwe nikisema kwamba zile sauti za Makunduchi nilizihesabu mara mbili, na mara zote mbili zilikuwa ishirini na nne.

Kazi yenyewe ilikuja hivi. Kikundi cha wanawake wanaolima mwani Makunduchi kilitaka programu ya simu. Unaifungua, unaona picha za watu ishirini na nne, wazee kwa watoto, na ukiibonyeza picha mwenyewe anakueleza jambo kwa lugha ya kwao: vipi mwani unafungwa kwenye kamba, vipi ukuti unasukwa, watoto wanacheza nini baada ya skuli. Walikuwa na hofu kuwa maneno yao yanapungua. Vijana wakirudi kutoka kwenye kazi za mahoteli huzungumza kama sisi wa mjini, na sisi wa mjini tuna sifa ya kudhani kila asiyezungumza kama sisi anakosea.

Aliyezikusanya sauti ni mwalimu wa skuli ya msingi ya hapo kijijini. Kila mtu anamwita Bi Mwalimu, nami nikamwita hivyohivyo. Alirekodi kwa simu yake, nyumba hadi nyumba, kisha akazihamishia kwenye kompyuta ya skuli, akaipa kila sauti jina la mwenye sauti. Simu yake ikijaa, alifuta na kuanza tena. Kompyuta hiyo ilikuwa ya msaada, imetiwa ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta ambao mafundi wanausifu na walimu wanaulaumu.

Nilikwenda kuzichukua. Nikachomeka flashi, nikaanza kunakili, na wakati mstari wa kijani unatembea tukaanza kupatana siku.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Arubaini na tano, Bi."

"Ishirini."

"Bi, kuzipanga picha peke yake..."

"Picha nnazo mie. Sauti nnazo mie. Wewe kazi yako kuzipanga tu kama sahani kabatini. Ishirini."

"Thelathini, na siku ya mwisho haihesabiwi."

"Kwa nini haihesabiwi?"

"Kwa sababu ndiyo ya kuleta."

"Thelathini," akasema, "na ya mwisho inahesabiwa." Kisha akanyamaza, akaanza kusahihisha madaftari ya watoto mbele yangu, kwa kalamu nyekundu.

Hapo katikati kompyuta iliniuliza kitu. Kidirisha kidogo kilitokea na swali, chini yake ndiyo na hapana. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kuikomboa ile siku ya mwisho. Nikabonyeza ndiyo. Siku ya mwisho sikuikomboa.

Siku kumi baadaye nikapata habari kuwa mama yake Bi Mwalimu amefariki. Alikuwa mmoja wa wale ishirini na nne, bibi aliyelima mwani tangu kilimo hicho kilipoanza pale pwani, na picha yake ilikuwa ya kwanza katika orodha. Nikaenda maziko. Baada ya watu kupungua Bi Mwalimu aliniita pembeni.

"Sauti yake unayo wewe," akasema. "Tangu siku niliyomrekodi sijaisikiliza. Nikisema ntaisikiliza kesho, ntaisikiliza kesho, na sasa naogopa kuisikia peke yangu. Ntaisikia siku ile utakayotuletea, nikiwa na wenzangu. Ipo?"

"Ipo, Bi. Usiwe na wasiwasi."

Nilisema hivyo kwa moyo mkunjufu kabisa, kwa sababu nilikuwa nshahesabu.

Kazi naifanyia Mji Mkongwe, katika nyumba iliyokuwa ya babu yangu mzaa baba. Zamani ghorofa zote tatu zilikuwa zetu; siku hizi tumebakiwa na chumba cha juu na dari linalovuja pembe moja. Babu alikuwa na mashamba ya mikarafuu, mimi nna mafaili. Alichoniachia kwa ukamilifu ni jina lake, maana kwetu mjukuu wa kwanza hupewa jina la babu, na mpaka leo shangazi zangu wakitaka kunigombeza husita kidogo, kwa sababu jina ni la baba yao.

Siku ya ishirini na nane, Alkhamisi, programu ilikuwa tayari kwenye kompyuta yangu. Nilibonyeza picha moja moja. Kila picha ilitoa sauti. Nikitia alama kwenye daftari na kupita, sekunde mbili hapa, sekunde mbili pale. Ishirini na nne. Nikarudia. Ishirini na nne. Nikaagiza chai.

Kilichobaki kilikuwa kuijenga, yaani kuvikusanya vipande vyote, picha, sauti na maandishi, na kuvifunga kuwa kifurushi kimoja kinachoweza kuingia kwenye simu yoyote. Kazi hiyo siifanyi kwenye kompyuta yangu. Ninao mtambo wa kukodi, uko ng'ambo mahali nisipopajua, nao unatumia mfumo uleule wa bure kama kompyuta ya skuli. Naupelekea vipande, unanirudishia kifurushi.

Safari hii ulinirudishia lawama. Mafaili saba hayapo, ulisema.

Nikayatazama kwenye kompyuta yangu. Yapo. Nikayafungua. Yanafunguka. Nikampigia rafiki yangu aliyeko Kendwa, anayetunza kompyuta za hoteli na kusuluhisha wageni na intaneti. Tulianza kazi hizi pamoja, na hajawahi kuniacha nikosee kwa raha.

"Yapo kwangu, hayapo kwake," nikamwambia. "Mtambo umerogwa."

"Hebu nisomee moja."

"Picha ya ukuti. Mwanzo herufi ndogo."

"Kwenye orodha yako umeliandikaje?"

"Mwanzo herufi kubwa."

Akacheka mpaka nikaweka simu mezani. "Yakhe, wewe si unahesabu kila kitu mara mbili? Herufi hukuzihesabu?"

Kisha akanieleza, na naandika hapa alivyonieleza kwa sababu sijasikia mtu akieleza vizuri kuliko yeye. Kompyuta kama yangu, akasema, ni kama muuza duka wa mtaani kwenu. Ukimwita kwa sauti kubwa, ukimwita kwa kunong'ona, anajua unataka nini, anakupa. Kwake jina lenye herufi kubwa na lenye herufi ndogo ni mtu mmoja. Mtambo wa kukodi ni karani wa pasipoti. Herufi moja ikitofautiana, kwake hao ni watu wawili, na huyo unayemtaka hajawahi kumuona.

"Basi fanya yote herufi ndogo," akasema. "Majina ya mafaili na orodha yako. Yote. Na sikiliza: ukigeuza kubwa kuwa ndogo tu, hicho kitunza kumbukumbu chako, kinachoandika kila badiliko la kazi, hakitoona kuwa kuna kilichobadilika. Lipe faili jina jengine kabisa, kisha ulipe lile la herufi ndogo. Mara mbili, kama unavyopenda."

Nikafanya. Ilinichukua mpaka baada ya alasiri. Picha nilizipa mwenyewe majina ya mambo yanayoelezwa, herufi ovyo; orodha nilikuwa nimeinakili kutoka kwenye daftari la Bi Mwalimu vilevile, na yeye majina mengine aliyaanza kwa herufi kubwa, mengine kwa ndogo. Mimi nilidhani ni uchovu wa mwalimu. Nikayateremsha yote. Nikaupelekea mtambo. Ukapokea, haukusema neno, ukanirudishia kifurushi kizuri.

Mtu mwengine angefunga kompyuta akaenda Forodhani kula urojo. Nashukuru sana kuwa mimi ni yule wa Darajani. Nilikuwa nimekunja, sasa lazima nihesabu. Orodha: majina ishirini na nne. Nikafungua lile folda lenyewe la sauti, ambalo mpaka siku hiyo sikuwahi kulihesabu, maana nilikuwa nikihesabu picha zinazotoa sauti. Mafaili ishirini na tatu.

Nikarudia. Ishirini na tatu.

Vipi picha ishirini na nne zitoe sauti kwa mafaili ishirini na tatu? Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikahesabu kwa kidole, kama mtoto. Halafu nikampigia Bi Mwalimu, nikiwa na hakika nusu kuwa yeye ndiye aliyekosea.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Karibu. Bi, samahani, hizi sauti ulizihesabu vizuri?"

"Ishirini na nne."

"Mie naona ishirini na tatu."

"Hesabu tena."

"Nshahesabu tena."

"Basi daftari hili hapa. Nakusomea, wewe tia alama."

Akaanza kusoma, kwa sauti ile ya kuita mahudhurio, mimi natia alama. Kumi. Kumi na tano. Kufika la kumi na tisa nikamsimamisha.

"Hilo ushalisoma, Bi. Ndilo la kwanza kabisa."

"Sijalisoma. La kwanza la mama. Hili la mtoto wangu."

Nikatazama orodha. Kweli lilikuwemo mara mbili. Kwenye daftari, la kwanza lilianza kwa herufi kubwa na la pili kwa ndogo, na mimi mchana kutwa nilikuwa nimeyateremsha yote bila ya kuyasoma.

"Mtoto ana jina la bibi yake," nikasema, polepole.

"Kwani kwenu watoto mnawapa majina ya nani?"

Aniulize hivyo mimi, niliyebeba jina la babu kwa miaka yote hii.

"Na hizi herufi, Bi? Kubwa na ndogo?"

"Wazee kubwa, watoto ndogo. Hujaona? Mama yangu nimwandike kwa herufi ndogo, kama kijiko?"

Hapo ndipo nilipokikumbuka kile kidirisha. Kompyuta ya skuli ilikuwa na mafaili mawili, ya bibi na ya mjukuu, jina moja, tofauti yao ile herufi ya heshima, na kwake hao walikuwa watu wawili. Lakini flashi yangu ni ya ukoo wa muuza duka. Lilipoingia la bibi ikalipokea. Lilipofika la mjukuu ikaona jina lipo, ikauliza: nilifute la zamani, niweke hili? Na mimi nikabonyeza ndiyo, kwa ajili ya siku moja.

Nikaibonyeza picha ya bibi, mara hii sikuiondoa baada ya sekunde mbili. Sauti ya mtoto wa miaka kumi na mbili ikaanza kunieleza sheria za mchezo wa kuruka kamba.

"Bi," nikasema, "nafikiri ya mama sinayo."

Akanyamaza. Nimekwisha kusema kuwa nimezoea watu wanaonyamaza katika kupatana. Kunyamaza huku hakukuwa kwa namna hiyo.

"Uliniambia ipo."

"Nilikwambia."

"Ulihesabu?"

"Mara mbili."

"Ulisikiliza?"

Kwa mbali nilisikia watoto wakicheza upande wake wa simu.

"Kwenye kompyuta ya skuli itakuwepo," nikasema. "Sijaifuta huko, nimeifuta kwangu. Usiiguse, Bi, na asiiguse mtu."

"Kesho asubuhi anakuja fundi," akasema. "Anazisafisha zote sita na kutia mfumo mpya. Mwalimu mkuu keshazifungia kabatini, na funguo kaondoka nayo."

Asubuhi ya Ijumaa niliazima vespa ya shemeji yangu, nikapewa na masharti yake yote, na kabla ya saa mbili nilikuwa nshapita Tunguu. Njiani nilikuwa nikifanya hesabu moja tu: kompyuta sita, na fundi anayejua kazi yake anaweza kuanza na yoyote. Nilimwomba Mungu awe fundi mvivu. Si dua ya kujivunia, lakini ndiyo niliyoiomba.

Fundi hakuwa mvivu. Nilipoingia katika chumba cha walimu kompyuta tano zilikuwa zimepangwa mezani, skrini zao zinang'aa kwa mfumo mpya. Bi Mwalimu alikuwa amekaa kitini karibu na dirisha, ya sita ameipakata mapajani, ameifunika kwa kanga.

"Nimeambiwa sita," fundi akaniambia, kama kwamba mimi ndiye mkubwa wa kazi. "Tano nshamaliza. Hiyo Mwalimu haiachii."

"Kompyuta hii ina mtu ndani," akasema Bi Mwalimu, bila ya kutabasamu.

Nikamgeukia fundi. Hii nayo ilikuwa biashara, na bidhaa nilikuwa naijua.

"Kaka, nipe nusu saa."

"Nusu saa? Leo Ijumaa, na nna skuli nyengine kabla ya sala."

"Dakika ishirini."

"Kumi."

"Kumi na tano, na hizi tano ntakusaidia kuzihesabu na kuzifungasha, waya zake na vitu vyake vyote."

Akanipima kwa macho. "Unajua kuhesabu?"

"Huyu?" Bi Mwalimu akadakia. "Anahesabu mara mbili. Kusikiliza ndiko asikokujua."

Fundi akacheka, akatoka nje kutafuta kivuli. Namshukuru mpaka leo. Angeweza kusema kazi ni kazi, na angekuwa na haki.

Kompyuta ilichukua dakika mbili kuwaka. Herufi moja kwenye kibodi yake haikuwepo, pengo tupu, na Bi Mwalimu aliniambia ndivyo alivyoitambua kabatini. Nikafungua folda. Yalikuwa pale yote mawili, moja chini ya jengine, la herufi kubwa na la herufi ndogo, kama bibi na mjukuu waliokaa barazani. Nikahesabu folda zima. Ishirini na nne. Bi Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu, naye anahesabu, midomo yake inachezacheza.

"Sasa, Bi," nikasema, "kabla sijayahamisha lazima niyabadilishe majina, ama moja litalifuta jengine tena. Mtambo unataka yote herufi ndogo."

"La mtoto lishakuwa dogo."

"Sasa la mama."

"Mama haandikwi kwa herufi ndogo."

"Bi, hili jina la ndani tu. Halionekani na mtu. Kwenye picha yake ataandikwa kwa herufi kubwa, na Bi mbele, kila mtu aone."

"Na ndani?"

"Ndani ndogo."

"Kwa hiyo mbele za watu heshima, ndani hakuna."

Miaka yangu ya Darajani nimesikia hoja za kila namna, kutoka kwa wenyeji na wageni, wenye haki na wenye midomo tu. Hii ilikuwa mpya. Dakika zilikuwa zinakwenda, na nje nilimsikia fundi akiongea na simu, akimwambia mtu kuwa anachelewa.

"Basi na ndani tumtangulizie," nikasema. "Liwe bibi, kisha jina lake. Herufi ndogo ni za mtambo, lakini bibi ni yetu. Na wazee wote wengine hivyohivyo, kila mwanamke bibi, kila mwanamme babu."

"Wazee wote kumi na moja?"

"Wote kumi na moja."

"Umewahesabu?"

"Mara moja tu, Bi. Sikupata wasaa."

Akaelekeza kidole kwenye skrini, akawahesabu kwa niaba yangu. "Kumi na moja," akasema. "Andika."

Nikaandika. Nikayahamisha. Safari hii kompyuta haikuuliza kitu, na nilikaa nikiitazama mpaka mstari wa kijani ukafika mwisho, sikuzungumza na mtu.

Ikabaki jambo moja. Ilibidi mtu aisikilize, ijulikane kuwa ni yenyewe na imefika nzima.

"Sikiliza wewe," Bi Mwalimu akasema. "Mie nimesema kesho, na wenzangu." Akatoka, akaenda kusimama na fundi kivulini.

Nikatia visikilizio masikioni. Bibi alizungumza dakika nne. Maneno mengine sikuyafahamu, mimi mtu wa mjini, lakini nilifahamu kuwa anaeleza fundo: uzi mdogo unapita wapi, unaukaza kiasi gani mwani usikatike, kwa nini usifungwe na mtu mwenye hasira. Alikohoa mara mbili, akacheka mara moja. Kuku alipita karibu na simu. Mwishoni akachoka na kazi ile, na kwa Kiswahili ambacho hata mimi nilikifahamu akasema, "Haya, zima hicho kidude chako, chai inapoa." Ikakatika.

Nikatoka nje. Bi Mwalimu hakugeuka.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, Bi. Mpaka mwisho."

"Amesema habari ya chai?"

"Amesema."

Akajifunika uso kwa ncha ya kanga, mabega yakawa yanamtikisika, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka. Fundi naye hakujua. Tukabaki tumesimama, wanaume wawili wazima, tunatazama chini. Kisha Bi Mwalimu akaishusha ile kanga na nikaona kuwa alikuwa anafanya yote mawili.

"Chai yenyewe ilikuwa imepoa kweli," akasema. "Alinilaumu mpaka jioni."

Nilimtimizia fundi ahadi. Bi Mwalimu akamwachia na ile ya mwisho: kompyuta sita, chaja sita, mfuko mmoja una waya wa ziada ambao hakujua umetoka wapi.

Nilisali Ijumaa hapohapo Makunduchi, nikarudi mjini, na kabla ya kuupelekea mtambo chochote nilikaa kwenye chumba cha babu nikazisikiliza sauti zote, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, bila ya kupitisha hata moja. Ilichukua zaidi ya saa moja na nusu. Nilijifunza kusuka ukuti, kwa nadharia. Nilijifunza sheria za kuruka kamba, na nikagundua kuwa yule mtoto anacheka kama bibi yake, kicheko kinachoanzia puani. Kama ningesikiliza tangu mwanzo ningeyajua yote haya bila ya safari. Lakini na mtambo ule mkali kama usingenikatalia, ningewapelekea wanawake wale picha ya marehemu inayozungumza kwa sauti ya mtoto, na Bi Mwalimu angeibonyeza mbele ya wenzake. Nimewahi kuulaani mtambo ule kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Siku hiyo niliushukuru kwa sauti, peke yangu chumbani, na shangazi aliyekuwa akipita ngazini akauliza nazungumza na nani.

Tangu hapo, kabla ya kujenga chochote, natanguliza kijiprogramu kidogo nilichokiandika mwenyewe. Kinayachukua majina yote, kinayageuza kuwa herufi ndogo, na kikikuta mawili yanayolingana kinapiga kelele na kusimamisha kazi. Rafiki yangu wa Kendwa amekiomba, nami nimempa bure, jambo lililomtia wasiwasi kiasi cha kukikagua mara mbili.

Jumamosi walikuja kiasi cha wanawake thelathini, mikono ya wengine bado ina harufu ya bahari. Tuliiweka programu kwenye simu moja moja. Bi Mwalimu alisubiri mpaka wote wamepata. Kisha akakaa katikati yao, akainyosha simu mbali na uso kama watu wanaoogopa kupigwa picha, akabonyeza.

Walisikiliza kimya. Kuku aliposikika, mmoja wao akasema, "Huyo jogoo wake, tulimla Iddi," wakamnyamazisha. Ilipofika chai, walicheka wote kwa pamoja, na mzee mmoja akapiga paja lake akasema, "Ndiye mwenyewe huyo! Ndiye!"

Bi Mwalimu akaibonyeza mara ya pili.

Baadaye, nilipokuwa nafunga kofia yangu niondoke, alinifuata mpaka kwenye vespa.

"Leo siku ya ngapi?" akauliza.

"Ya thelathini, Bi."

"Inahesabiwa?"

"Inahesabiwa," nikasema.

Akanitia mkononi chupa ya chai, ya kunywa njiani. Ilikuwa ya moto.